Ushauri wa kazi ukae kitivoni, na uanze mwaka wa kwanza

Katika vyuo vikuu vyetu vingi hapa Kenya, msimu wa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni kuanzia Mei hadi Agosti. Mtu wa Malindi, Watamu au Lamu anaijua miezi hiyo. Masika yanapiga, kusi limeshika, wageni wamepungua, na kuna hoteli zinazofunga kabisa kuanzia Aprili hadi Juni, zikabaki na walinzi na mafundi wa kukarabati. Mwanafunzi wa utalii anayeripoti wiki ya pili ya Mei hana mgeni wa kumpokea wala meza ya kuandaa. Anapewa rundo la risiti za mwaka jana azipange. Mwenzake wa sayansi ya bahari anakuta vyombo vimepandishwa pwani, kwa sababu Juni na Julai bahari imechafuka na si wakati wa kupiga mbizi kupima matumbawe. Wiki kumi au kumi na mbili zinapita, kitabu cha kumbukumbu kinajazwa, msimamizi anatia sahihi, alama inaingia. Kwenye karatasi mafunzo yamekamilika, lakini mwanafunzi hajaiona kazi aliyoisomea.

Ofisi kuu ya ushauri, ile inayohudumia chuo kizima, haiwezi kuliona tatizo hili. Kwake atachimenti ni jambo moja kwa kila mtu: fomu moja, tarehe moja, mwongozo mmoja. Anayeweza kuliona ni mhadhiri wa utalii anayejua kwamba hoteli za ukanda huu hujaa Desemba na Januari, au mhadhiri wa uvuvi anayejua kwamba kaskazi ndilo linalotuliza maji. Huyo akiwa na mamlaka ya kupanga, atawaombea wanafunzi wake nafasi za Desemba hadi Machi, hata kama itabidi kozi mbili zihamishiwe Mei. Hoja ya makala haya inatoka hapo: ushauri wa kazi unaomfaa mwanafunzi ni ule unaokaa ndani ya kitivo chake, unaotolewa na watu wanaoijua taaluma yake, na unaoanza kabla hajafanya maamuzi yasiyorekebishika.

Ofisi kuu ina kazi yake. Kuandika wasifu, kujiandaa kwa mahojiano, kuwaalika waajiri chuoni siku moja kwa mwaka, kumsaidia mwanafunzi aliyezongwa na mawazo: hayo yanafanana kwa mwanafunzi wa kilimo na wa uhasibu, na ni busara yafanywe mahali pamoja. Lakini wanafunzi wengi hukosa kazi kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na wasifu mbaya. Hukosa kwa sababu sharti fulani la taaluma lilipitwa mwaka wa kwanza au wa pili, na aliyelijua hakuwa mtu wa kuulizwa.

Tuanze na ualimu, maana ndiyo njia inayochukuliwa na vijana wengi wa Kilifi na Lamu. Tume ya walimu, TSC, inapomsajili mwalimu wa sekondari mwenye shahada, huangalia vyeti vya chuo na pia cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: kwa kawaida wastani wa C+ na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Mwanafunzi aliyepata C katika jiografia anaweza kabisa kuisoma jiografia chuoni miaka minne, akafaulu vizuri, kisha usajili ukamkwamia kwenye gredi aliyoipata kabla hajafika chuoni. Kuna pia yule anayesomea shahada ya sanaa au sayansi akijiambia kwamba ualimu ataukamilisha baadaye kwa stashahada ya uzamili ya elimu. Stashahada hiyo humpa mbinu za kufundisha. Haibadilishi gredi ya KCSE, wala haiongezi kozi za somo la pili kama hakuzisoma za kutosha katika shahada ya kwanza. Mshauri wa kitivo cha elimu angemaliza jambo hili kwa dakika kumi, wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza: lete cheti chako cha KCSE, nionyeshe masomo mawili uliyochagua, tuyalinganishe. Mwaka wa nne dakika hizo kumi hazipo tena; kilichobaki ni kumwambia mtu ukweli unaoumiza.

Uhandisi una mtego wa namna nyingine. Bodi ya wahandisi, EBK, husajili wahitimu wa programu za shahada inazozitambua. Mhitimu huingia kwanza daraja la mhandisi mhitimu, na hawezi kuomba daraja la mhandisi kamili hadi afanye kazi kwa angalau miaka mitatu akisimamiwa. Aliyesomea shahada ya teknolojia ya uhandisi ana bodi tofauti, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Zote mbili ni njia za heshima na zote zina kazi, lakini haziingiliani kirahisi, na majina ya shahada hizo yanafanana mno kwa macho ya mzazi anayesoma barua ya kuitwa chuoni. Swali la kwanza la mshauri wa kitivo hiki linapaswa kuwa bodi gani itakusajili na programu hii, katika chuo hiki, na je, inatambuliwa leo. Halafu ndipo aulize kuhusu ndoto. Kaskazini mwa Malindi, pale Ngomeni, kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio kinachoendeshwa na shirika la anga la Italia. Satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la baharini hapo mwezi Aprili 1967. Watoto wa Gongoni na Mambrui wanayaona madishi yale tangu utotoni. Ni wangapi wamewahi kuambiwa ni shahada zipi hasa humfikisha mtu kwenye kazi za kupokea na kuchambua data za satelaiti, yaani umeme na mawasiliano, jiomatiki, fizikia, kompyuta? Kitivo cha uhandisi kilicho umbali wa saa mbili barabarani kina wajibu wa kulijibu hilo kwa undani, pamoja na kusema wazi kwamba Kiitaliano cha kuelewana kazini kitamsaidia mwombaji.

Uhasibu ni rahisi zaidi, ila muda unaenda. Mwanafunzi wa biashara anayetaka kuwa mhasibu anahitaji mitihani ya CPA, ile ya taaluma ya uhasibu inayotolewa na bodi ya KASNEB, pamoja na shahada. Mitihani hiyo imegawanywa katika ngazi tatu, na mwenye shahada ya biashara huweza kusamehewa baadhi ya karatasi, lakini msamaha huombwa na hulipiwa. Anayeanza mwaka wa pili, karatasi mbili au tatu kila kikao, huhitimu akiwa na vyote viwili au amekaribia. Anayengoja hadi ahitimu huingia sokoni na nusu ya sifa, akisoma usiku huku akitafuta kazi mchana.

Na bahari. Bandari ya Lamu ilipopokea meli ya kwanza Mei 2021, vijana wengi wa Amu, Pate na Mokowe waliambiwa kazi zimekuja. Zipi? Mtu hapandi meli ya kimataifa kwa shahada peke yake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 wa mafunzo ya mabaharia, STCW, unamtaka kila baharia awe na mafunzo ya msingi: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wa mtu na wajibu wake kwa wenzake, na juu ya hayo uelewa wa ulinzi wa meli. Tena anahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa. Mafunzo ya kujiokoa na kuzima moto hurudiwa kila baada ya miaka mitano. Kazi za nchi kavu bandarini zina milango mingine: anayetaka kutoa mizigo kwenye forodha atafute cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, na anayetaka kuendesha mitambo ya kupakua makontena ajue kwamba hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa kwenye mtambo wenyewe, wala shahada ya usimamizi wa bandari haimfikishi hapo. Kijana wa Faza aliyezaliwa kwenye mashua anajua bahari kuliko wahadhiri wake wengi. Asichokijua ni mpangilio wa vyeti, na huo hauko barazani. Uko kwenye idara.

Mwanafunzi wa sayansi ya bahari naye huwa na waajiri wawili tu akilini, taasisi ya utafiti wa bahari na shirika la wanyamapori. Mshauri mzuri atamfungulia orodha. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kila mradi wa kuirudisha unahitaji mtu wa kupima, kuhesabu na kuandika ripoti. Kila jengo kubwa ufukweni linahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo hutiwa sahihi na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa hiyo mhitimu ajue mapema jinsi ya kusajiliwa kama mtaalamu msaidizi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vinahitaji takwimu za samaki wanaoshushwa. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko tangu 1968, na bado kuna wahitimu wa fani hii wanaoishi kando yake wasiojua kuogelea vizuri. Cheti cha kupiga mbizi ni ghali, lakini kwa kazi za matumbawe ndicho kinachomtenganisha anayeingia majini na anayebaki kwenye boti akishika kalamu. Jambo kama hilo lisemwe mwaka wa kwanza, ili mtu apate miaka mitatu ya kukusanya fedha.

Kwa fani za afya hatuna mengi ya kusema, maana mabaraza yao yamekwisha kupanga kila hatua, kuanzia mtihani wa leseni hadi mafunzo ya hospitalini. Kompyuta iko upande wa pili: masharti ni machache, na mwajiri anataka kuona ulichojenga. Ugumu mkubwa uko kwenye fani zisizo na sharti lolote, kama historia, sosholojia, Kiswahili. Huko hakuna mlango unaojifunga, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hudhani ana muda. Mshauri wa kitivo cha sanaa kazi yake ni kumsaidia kujenga ushahidi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kutafsiri awe na kurasa alizotafsiri, zikasahihishwa na mtu anayeijua kazi. Anayetaka uhariri awe amesoma prufu za jarida la idara. Anayetaka ukalimani wa mahakamani akae mahakamani Malindi siku za kesi asikilize jinsi ushahidi wa Kigiriama unavyogeuzwa. Mwanafunzi wa historia kutoka Lamu ana mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, wenye nyumba za mawe ya matumbawe na boriti ambazo hazikarabatiwi bila idhini. Kupima nyumba moja, kuichora, kuandika historia ya wenyewe na kuiwasilisha kama tasnifu ni kitu anachoweza kukiweka mezani mbele ya mwajiri. Hata msimu unahesabika: anayechunguza Maulidi ya Lamu lazima awepo Mfungo Sita, na mwezi huo haufuati kalenda ya chuo.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili kwa vijana wa huku? Kwa sababu mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya wakili au mhandisi hujifunza masharti haya mezani, bila kufundishwa. Anasikia neno usajili akiwa darasa la sita. Kijana wa Kizingitini au wa Muyeye ambaye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu hana mjomba wa kumwambia. Wazazi wake watampa kila walicho nacho, pamoja na basari ya wadi na mkopo wa masomo wa HELB, lakini hawawezi kumpa habari wasizokuwa nazo. Kitivo kikinyamaza, kimemwachia bahati.

Sasa utaratibu wenyewe. Pingamizi la kwanza la wahadhiri huwa ni muda, na wana haki. Chukua idara yenye wanafunzi 300. Ukimpa kila mmoja dakika 20 kwa muhula, ni dakika 6,000, yaani saa 100. Katika muhula wa wiki 14 hizo ni zaidi ya saa saba kila wiki. Hakuna mhadhiri anayefundisha kozi nne atakayezipata. Lakini wagawe kwa vikundi vya wanane wa mwaka mmoja na mkondo mmoja, saa moja kila kikundi: vikundi 38, saa 38. Kisha wale wenye jambo la peke yao, tuseme 60, wapate dakika 20 kila mmoja: saa 20. Jumla ni saa 58, takriban nne kwa wiki. Huo ni mzigo wa kozi moja ukihesabu na maandalizi yake. Basi mshauri apunguziwe kozi moja, na kazi hiyo ihesabiwe anapoomba kupandishwa cheo. Ikiachwa kuwa ya kujitolea, itafanywa na mhadhiri kijana mmoja mwenye moyo kwa mihula miwili, halafu itakufa.

Kikao chenyewe kisianze na swali la unataka kuwa nani. Mwanafunzi wa miaka 19 atajibu kile anachodhani kinatakiwa. Aje na cheti cha KCSE, matokeo ya mihula iliyopita na mpangilio wa kozi za programu yake. Mshauri aangalie kwanza masharti ya bodi, kisha kozi ambazo mwanafunzi amefanya vizuri mfululizo, kisha kozi za kuchagua zilizobaki, kwa sababu hapo ndipo bado kuna uhuru. Halafu aulize mambo ya maisha: nani analipa, anaweza kuishi wapi wakati wa atachimenti, kuna mtu anamtegemea nyumbani. Wanafunzi wengi kutoka Lamu huomba nafasi Mombasa kwa sababu tu wana shangazi Majengo, hata kama kazi ya fani yao iko Mpeketoni au Witu. Mshauri akilijua hilo, anaweza kutafuta nafasi karibu na kwao, na idara ikapanga mkaguzi mmoja awatembelee wanafunzi wote wa Lamu kwa safari moja. Mwishoni yaandikwe mambo mawili au matatu ya kufanywa kabla ya kikao kijacho, yenye tarehe, na nakala ibaki idarani. Bila maandishi hayo mshauri mpya ataanza upya kila mara.

Kuhusu kuomba nafasi, barua za Mei zitoke Januari. Ofisi za kaunti na za mashirika hapa Malindi hupokea maombi ya vyuo vingi kwa wakati mmoja, na anayefika Aprili hupata kilichobaki. Barua ya idara iseme mwanafunzi amesoma nini na anatakiwa afanye kazi gani, kwa orodha ya shughuli nne au tano, ili mwenyeji asimpe kazi ya kutengeneza chai na kupiga fotokopi. Iambatane na bima, kwa sababu waajiri wengi hawampokei mwanafunzi asiye nayo. Na mkaguzi aende wiki ya nne. Wiki ya kumi hakuna tena la kurekebisha.

Kila idara pia iwe na daftari la wahitimu. Si lazima kiwe kitu cha fahari, jedwali la kompyuta linatosha: mwaka wa kuhitimu, programu, kazi ya kwanza, ilichukua miezi mingapi, aliipataje, yuko wapi sasa. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka mtu aridhie taarifa zake zitunzwe na aambiwe zitatumikaje, kwa hiyo fomu ya ridhaa itiwe sahihi siku ya kuchukua cheti, wakati wote wako mahali pamoja. Baada ya miaka mitano daftari hilo litajua zaidi kuhusu fani hiyo ukanda wa Pwani kuliko mtaalamu yeyote wa nje. Litaonyesha pia mambo ambayo idara haitayapenda, kwa mfano programu ambayo wahitimu wake hawapati kazi ya fani yao.

Kuna pingamizi la pili, na ni zito zaidi. Mhadhiri wa kawaida ameishi chuoni. Anajua njia moja vizuri, ile ya uzamili na uzamivu, na bila kukusudia huwavuta wanafunzi bora waifuate. Hilo ni kweli. Dawa yake ni kumkutanisha mshauri na watu wa kazini mara mbili kwa mwaka, mmoja kutoka bodi ya taaluma na wawili watatu wanaoajiri, hasa waajiri wadogo: msimamizi wa hoteli ya Watamu, mwenye kampuni ya forodha, afisa wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Waajiri hao humsaidia mshauri hata kwa mambo madogo yanayomgharimu mwanafunzi. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwombaji hatakiwi kuleta vyeti vya kuonyesha hana doa wala deni, kutoka DCI (upelelezi), KRA (kodi), HELB na wengineo, hadi apewe ofa ya kazi. Bado kuna wahitimu wanaovilipia kila wanapotuma maombi, kwa fedha za kukopa.

Kwa kitivo kinachotaka kuanza, mahali pa kuanzia ni Septemba, wakati wa kuripoti. Vyuo huruhusu kubadilisha programu au masomo kwa wiki chache za mwanzo tu, na mwanafunzi mpya huzimaliza wiki hizo kwenye foleni za malipo, chumba na kitambulisho. Basi vikao vya mwaka wa kwanza vipangwe ndani ya wiki tatu za mwanzo, kabla ya vya miaka mingine, na mwenye kutaka kuhama aondoke kwenye kikao na fomu iliyokwisha kutiwa sahihi na mkuu wa idara. Barua ya kuitwa chuoni iwe na mstari mmoja zaidi: uje na cheti chako cha KCSE siku ya kwanza, mshauri wa kitivo chako atakihitaji.